Blender: Kusogeza Ni Raha, Kuzungusha Kuna Masharti

Ukitaka kujua kama programu ya animesheni imetengenezwa na watu wanaoitumia, acha kuangalia picha za matangazo. Weka mchemraba mmoja mbele yako, usogeze mita mbili kwenye mhimili wa X, uzungushe digrii 37 kwenye mhimili wa Z, kisha uurudishe ulipokuwa. Hesabu umebonyeza mara ngapi na mkono umehama mara ngapi kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye kipanya.

Ndani ya Blender jaribio lote ni hili: G X 2 Enter, R Z 37 Enter, halafu Alt+G na Alt+R, ambazo hurudisha mahali na mzunguko kuwa 0. Hakuna menyu iliyofunguliwa wala mshale uliovutwa. Katika kupanga vitu kwa vipimo kamili, ni vigumu kuishinda. Ila kusogeza na kuzungusha si mapacha. Kusogeza kumekamilika, kuzungusha ni kuzuri mpaka pale unapoanza kuweka fremu kuu za animesheni, yaani alama zinazohifadhi thamani ya kitu kwenye fremu fulani, na hapo programu inakuachia mitego bila kukuonya. Sehemu kubwa ya mapitio haya itakuwa hapo.

Kwa asiyeifahamu: Blender ni ya bure, msimbo wake uko chini ya leseni ya GPL tangu 2002, na inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux. Yanayoelezwa hapa ni ya toleo la 4.1 na yaliyofuata, kwa vitufe vya kawaida vinavyokuja na programu. Upo pia mpangilio wa vitufe unaofanana na programu nyingine za 3D, ambao W, E na R ni za kusogeza, kuzungusha na kubadili ukubwa kama ilivyo kwenye Maya. Kama hurukiruki kati ya programu mbili kila siku, uache. Utamu wa Blender uko kwenye vitufe vyake vya asili.

Kitenzi, mhimili, kiasi

Mfumo una sarufi. Kwanza kitenzi: G kusogeza, R kuzungusha, S kubadili ukubwa. Kisha mhimili: X (mstari mwekundu), Y (kijani), Z (buluu, nao ndio wa juu na chini). Mwisho kiasi, halafu Enter. Alama ya kutoa inaweza kuandikwa wakati wowote kabla ya Enter, hata baada ya namba, nayo hugeuza upande. Ukikosa mhimili, G 2 Tab 3 Tab 0.5 Enter husogeza kwenye mihimili yote mitatu kwa mpigo. Ukibonyeza = katikati ya kitendo, unaweza kuandika hesabu: R Z = 360/7 Enter inakupa sehemu ya saba ya mzunguko bila kikokotoo pembeni.

Bonyeza mhimili mara mbili na maana inabadilika. R Z ni mhimili wa Z wa dunia nzima; R Z Z ni mhimili wa Z wa kitu chenyewe, vyovyote kilivyoinama. Tofauti hii ndiyo inayomwokoa anayefungua kifuniko cha sanduku lililolala upande. Shift+Z nayo hufanya kinyume: inauzuia mhimili wa Z na kuacha miwili mingine huru, kwa hiyo G Shift+Z huteleza kitu juu ya sakafu bila kukiinua. Kitufe hiki hakisemwi sana, na ndicho cha kwanza kumfundisha anayepanga fanicha.

Kwa anayependa kutumia kipanya, Ctrl ikishikiliwa wakati wa kuzungusha inaruka kwa digrii 5 kila hatua, na Ctrl+Shift kwa digrii 1. Shift peke yake hupunguza kasi ili upate mwendo mdogo mdogo. Kwenye kusogeza, Ctrl huruka kwa vipimo kamili, ila vinahesabiwa kuanzia kitu kilipo sasa. Kikiwa kwenye 0.13, kitaenda 1.13 na 2.13, hakitakaa kwenye mistari ya gridi mpaka uchague aina ya kunasa (snap) inayofuata gridi yenyewe. Hapa wengi hudhani programu imekosea.

Mitego ya sehemu hii ni miwili, na yote miwili ni ya kimya. Kwanza, kitufe hufanya kazi kwenye dirisha ambalo mshale wa kipanya uko juu yake. Mshale ukiwa juu ya mstari wa muda, G haisogezi kitu. Inasogeza fremu kuu zako. Unaandika G X 2, huoni mabadiliko, unarudia, na animesheni imeshateleza. Pili, kuna kile kinachobaki baada ya kughairi. Kubofya kulia hughairi kusogeza, na hilo ni jema. Lakini baada ya Shift+D, yaani kunakili, kubofya kulia hughairi kusogeza tu: nakala inabaki palepale, imelala juu ya ile ya kwanza. Utaijua siku ya kutoa picha, nyuso zitakapoanza kumetameta kama zinagombana. Ctrl+Z mara moja zaidi ndiyo dawa, au pitia orodha ya vitu ukitafuta majina yanayoishia na .001.

Jambo jingine linalochanganya ni R bila mhimili wowote. Hiyo huzungusha kitu kwa kufuata upande unaotazama, kana kwamba umepigilia msumari kwenye kioo cha skrini. Ukitazama kutoka juu ni sawa na R Z. Ukitazama kwa kuinama kidogo, utapata thamani zenye desimali kwenye mihimili yote mitatu, na kitu hakitakaa wima tena. Usizungushe bila kutaja mhimili isipokuwa unapanga mawe ya mapambo.

Kitovu kikikosewa, kila kitu kimekosewa

Kila kitu kina kitovu, nukta ndogo ya rangi ya chungwa. Kitu huzunguka hapo na vipimo vyake vya mahali hupimwa kutoka hapo. Mlango ulioutengeneza kutokana na mchemraba una kitovu katikati ya ubao, kwa hiyo utazunguka kama feni.

Hatua za kuurekebisha ni chache. Bonyeza Tab uingie kwenye hali ya kuhariri, chagua ukingo wa upande wa bawaba, bonyeza Shift+S na upeleke kielekezi cha 3D, alama unayoweza kuiweka popote, kwenye ulichochagua. Toka kwa Tab, bofya kulia juu ya mlango, na kwenye menyu ya kupanga kitovu chagua kukipeleka kwenye kielekezi. Sasa R Z 90 inafungua mlango kama mlango. Njia ya mkato ni Ctrl pamoja na kitufe cha nukta: inawasha hali ambayo G husogeza kitovu peke yake, huku umbo likitulia. Ikumbuke kuizima, ukiisahau utaanza kushangaa kwa nini vitu haviendi popote.

Kitovu ni cha kitu; egemeo, yaani nukta ya kuzungukia, ni la kitendo. Kitufe cha nukta pekee hufungua duara la machaguo ya egemeo: katikati ya vilivyochaguliwa, kielekezi cha 3D, kila kitu kwa kitovu chake, au kitu cha mwisho kuchaguliwa. Ukichagua madirisha 20 na kutaka yote yafunguke kwa pamoja, chagua kila kitu kwa kitovu chake. Vinginevyo yatazunguka kama kundi moja la nyota. Kitufe cha koma nacho hufungua machaguo ya mwelekeo wa mihimili: wa dunia, wa kitu, wa uso uliochaguliwa, wa upande wa mtazamaji.

Egemeo likiwa kwenye kielekezi unapata mbinu moja tamu sana. Weka kielekezi katikati ya meza, kiti kimoja pembeni, kisha Shift+D, R, Z, 30, Enter. Halafu Shift+R, ambayo hurudia kitendo cha mwisho, mara 10. Una viti 12 kwenye duara, vyote vikitazama ndani kwa pembe moja. Sekunde tano tu.

Ctrl+A, na kwa nini watu wanaiogopa bila sababu

Paneli inayofunguliwa kwa N inaonyesha mahali, mzunguko na ukubwa wa kitu. Hizi namba ni maelezo ya jinsi kitu kilivyowekwa duniani, si umbo lake. Ctrl+A hupeleka namba hizo ndani ya meshi, yaani umbo lenyewe: mzunguko unasomeka 0, ukubwa unasomeka 1, na kwa macho hakuna kilichobadilika. Kilichobadilika ni mihimili ya kitu. Sasa imenyooka sawa na ya dunia.

Ifanye kabla ya modifaya ya kioo (inayorudia umbo upande wa pili), kabla ya kuunganisha mifupa, na kabla ya kukipa kitu watoto, yaani vitu vinavyokifuata kikisogea. Mzazi mwenye ukubwa usio sawa, mathalani 1, 1, 3, akizungushwa mtoto wake, mtoto huyo hupindishwa kama kasha lililokanyagwa. Watu hulaumu mzunguko wakati kosa ni la ukubwa wa mzazi.

Usiifanye kwenye kitu chenye animesheni ya mzunguko. Utaona sawa kwa sasa, lakini ukisogea fremu moja, fremu kuu za zamani zinarudisha thamani zake juu ya meshi iliyokwisha kugeuzwa, na kitu kinaruka. Pia haifanyi kazi moja kwa moja kwenye nakala za Alt+D, kwa sababu zinashiriki meshi moja. Kwanza kipe kila kitu meshi yake.

Gurudumu ndilo linaloonyesha umuhimu wake kuliko mfano wowote. Silinda mpya husimama na ekseli yake iko kwenye Z. Ili iwe gurudumu, unaizungusha R Y 90, na ekseli inalala kwenye X. Watu huishia hapo na kuanza animesheni. Kisha wanaandika thamani kwenye kisanduku cha mzunguko wa X wakitarajia gurudumu libingirike, nalo linakata kona. Wanajaribu Z: linakata kona tena, upande wa pili. Hakuna kisanduku kinacholibingirisha. Programu haina hitilafu. Umeingia mtegoni, na mtegoni humo Y ni 90.

Mihimili inapofungana

Thamani tatu za mzunguko, zinazoitwa pembe za Euler, hazitumiki kwa wakati mmoja. Zinatumika kwa zamu. Kwenye mpangilio wa kawaida wa XYZ, X huzungusha kwanza, kisha Y, mwisho Z, na kila unaofuata huubeba uliotangulia. Zifikirie kama pete tatu zilizotiwa moja ndani ya nyingine: ya nje Z, ya katikati Y, ya ndani X. Pete ya katikati ikifika digrii 90, ya ndani na ya nje hulala kwenye mstari mmoja. Una namba tatu bado, lakini uwezo wa njia mbili tu. Huko ndiko kufungana kwa mihimili, na gurudumu la hapo juu lilifungwa kabla halijatembea hata fremu moja.

Dawa ya gurudumu ni Ctrl+A kwa mzunguko mara tu baada ya R Y 90. Y inarudi 0, ekseli inakuwa X halali, na kisanduku cha X kinabingirisha.

Kwa vitu vingine, dawa ni kuchagua zamu inayofaa. Kanuni ni moja: mhimili utakaozunguka kidogo zaidi ndio ukae katikati. Kamera ya Blender hutazama kwenye Z yake hasi; kuinua na kuinamisha ni X, kugeuka kulia na kushoto ni Z, na Y karibu haiguswi. XYZ inaifaa kama ilivyo. Ndege ambayo pua yake iko kwenye Y ni habari nyingine. Kubiringika mbawa ni Y, na XYZ imeiweka Y katikati: ndege ikilalia ubavu kabisa, umefungwa. Badilisha iwe YXZ kwenye paneli ya N. Sasa kubiringika ni pete ya ndani, na utafungwa pale tu pua inapoelekea juu au chini wima. Fanya mabadiliko hayo kabla ya fremu kuu ya kwanza. Ukibadilisha baadaye, namba zilizokwisha rekodiwa zitasomwa kwa zamu mpya na kutoa mzunguko tofauti.

Ili kuona pete hizo kwa macho, bonyeza koma na uchague mwelekeo wa gimbo (Gimbal), kisha tumia kifaa cha kuzungusha chenye duara za rangi. Duara mbili zikilaliana, umepata jibu lako. Ni kifaa kizuri cha kufundishia. Inasikitisha kwamba kimefichwa.

Wakati mwingine mistari ya grafu huruka ghafla, mathalani kutoka 179 hadi -181, hasa baada ya kurekodi mwendo au kuleta faili kutoka nje. Ni pembe ileile iliyoandikwa kwa namba nyingine, lakini kati ya fremu hizo mbili kitu kitajizungusha duara zima. Dirisha la grafu lina kichujio cha Euler kwenye menyu ya fremu kuu, kinachoondoa miruko hiyo. Kinataka X, Y na Z zote ziwe na fremu kuu kwenye fremu zilezile, kwa hiyo ukiwa umerekodi mhimili mmoja tu mahali fulani, jaza mingine kwanza.

Kwatanioni: dawa yenye dozi

Badala ya pembe tatu, unaweza kuchagua kwatanioni, yaani namba nne W, X, Y, Z zinazoeleza mwelekeo mzima kwa pamoja. Hazifungani. Mifupa ya wahusika huja nazo tayari, wakati vitu vya kawaida huja na XYZ. Kwa bega, shingo na nyonga, hili ni chaguo sahihi.

Lakini kwatanioni haijui mizunguko mingapi imepita. Inajua tu kitu kinatazama wapi. Digrii 0 na digrii 360 kwake ni mahali pamoja, kwa hiyo feni yenye fremu kuu mbili, 0 na 360, haitasogea. Kati ya fremu kuu mbili kwa kawaida hupati zaidi ya nusu duara. Kwa chochote kinachozunguka bila kukoma, tumia Euler.

Jingine: Blender huhesabu kila moja ya namba nne kwa mstari wake wa grafu, halafu husawazisha matokeo. Mwendo haupiti kwa kasi sawa kabisa, ingawa kwa pembe ndogo jicho halioni. Kinachoonekana ni pale unaporekodi namba mbili kati ya nne na kuacha nyingine. Rekodi zote nne daima. Pia kila mwelekeo una majibu mawili yenye alama kinyume, na fremu kuu mbili zikitumia alama tofauti, mkono utazunguka njia ndefu kupitia mgongoni. Menyu ya pozi ina amri ya kugeuza alama hizo. Igeuzie fremu moja, mkono utarudi kwenye njia fupi. Na kuhariri namba hizi moja moja kwenye grafu ni kujitesa. Zungusha mfupa wenyewe, uache grafu.

Kurekodi mwendo

Kuanzia 4.1, kitufe cha I hurekodi papo hapo bila kuuliza: mahali, mzunguko na ukubwa vyote. Masomo ya zamani yanakuambia ubonyeze I kisha uchague kwenye menyu. Menyu hiyo sasa iko kwenye K. Kasi imeongezeka, takataka pia. Mlango unaohitaji mzunguko wa Z peke yake unapewa mistari tisa ya grafu. Njia safi ni kuweka mshale wa kipanya juu ya kisanduku cha mzunguko ndani ya paneli ya N na kubonyeza I hapohapo; au bofya kulia kwenye kisanduku na uchague kurekodi thamani hiyo moja. Unaweza pia kupunguza orodha kwenye mipangilio ya animesheni.

Rangi za visanduku zinasema ukweli wote. Njano, kuna fremu kuu hapa. Kijani, kina animesheni lakini si kwenye fremu hii. Chungwa, umekibadilisha na hujarekodi, na ukisogeza fremu mabadiliko yanapotea. Zambarau, kinaendeshwa na fomula. Malalamiko mengi ya “kitu changu kinarudi kilipokuwa” ni chungwa ambalo halikuangaliwa.

Jamaa wa lalamiko hilo: umenakili kitu chenye animesheni, ukakisogeza pembeni, na mara ukacheza kikarukia juu ya cha kwanza. Fremu kuu zimeandika mahali halisi, si umbali. Tengeneza kitu tupu, kifanye mzazi kwa Ctrl+P, kisha sogeza mzazi. Ukichagua aina ya uzazi inayohifadhi mahali, mtoto hatahama wakati wa kuunganishwa.

Kwa mzunguko usiokoma, mambo mawili huharibika karibu kila mara. La kwanza ni kasi. Blender huunganisha fremu kuu kwa mstari uliopinda, kwa hiyo feni inaanza polepole, inakimbia, kisha inapunguza. Chagua fremu hizo, bonyeza T, chagua mstari ulionyooka. Kisha Shift+E na uurefushe mstari ili uendelee milele kwa kasi ileile. La pili ni kiungo cha mwisho na mwanzo. Kwa video ya kujirudia ya fremu 24, wengi huweka 0 kwenye fremu 1 na 360 kwenye fremu 24. Picha ya 24 na ya 1 zinafanana, na kila mzunguko una kigugumizi cha fremu moja. Weka 360 kwenye fremu 25, kisha umalize video kwenye 24.

Kasi kubwa ina udanganyifu wake. Gurudumu lenye spoku 5 hufanana na lenyewe kila digrii 72. Likizunguka 72 kwa fremu litaonekana limesimama. Likipita 36 kwa fremu litaonekana linarudi nyuma. Washa ukungu wa mwendo wakati wa kutoa picha, au ongeza alama moja kwenye tairi.

Fomula badala ya fremu kuu

Kisanduku chochote cha mzunguko hupokea fomula ukianza na alama ya #. Andika #frame*pi/12 na kitu kitazunguka mara moja kila fremu 24. Angalia kipimo: kisanduku kinaonyesha digrii, fomula inafanya kazi kwa radiani. Ukiandika #frame*15 ukidhani ni digrii 15 kwa fremu, utapata radiani 15, zaidi ya mizunguko miwili kila fremu, na mwendo utaonekana kichaa.

Gurudumu linalofuata gari hutaka hesabu moja tu: umbali ugawanywe kwa nusu kipenyo. Kwa nusu kipenyo cha 0.35, gurudumu humaliza duara kila mita 2.2 hivi, gari likienda mita 11, limezunguka karibu mara 5. Chukua mahali pa gari kwenye Y kama kigezo, ukiite y, na fomula ya mzunguko wa X ni -y/0.35. Alama ya kutoa ni ya lazima kwa gari linaloelekea Y chanya. Bila hiyo matairi yanazunguka kinyumenyume huku gari likienda mbele. Fomula hii ni ya barabara iliyonyooka. Gari likikata kona, Y peke yake haipimi tena umbali uliotembewa, na matairi yataanza kuteleza. Hapo liweke gari kwenye njia ya mkunjo na uhesabu kwa urefu wa njia.

Ugumu wa sehemu hii ya programu ni mdogo na inafaa kujifunza mapema. Kasoro ni kwamba fomula ikikosewa, ujumbe wa kosa umefichwa kwenye dirisha la kuhariri fomula, ambalo mgeni hajui kama lipo.

Kutoa faili nje

Blender huweka Z juu. Maya kwa kawaida, injini ya michezo ya Unity na muundo wa faili wa glTF huweka Y juu. Unreal, injini nyingine ya michezo, huweka Z juu lakini kwa mfumo wa mkono wa kushoto. Faili la FBX, muundo mwingine wa kuhamisha vitu vya 3D, linapoingia Unity, kitu mara nyingi hufika kikiwa na -90 kwenye X. Usikizungushe kwa mkono ndani ya Unity. Rudi Blender, fanya Ctrl+A, kisha kagua upande wa mbele na upande wa juu kwenye paneli ya kutoa faili. Kagua pia kama kuna ukubwa hasi: S X -1 ni njia ya haraka ya kugeuza kitu kama kwenye kioo, lakini nyuso zake zinaweza kufika upande wa pili zikiwa zimegeuka ndani nje.

glTF hubadilisha mihimili yenyewe, na kwa hilo inapunguza kazi. Ila inahifadhi mizunguko kwa kwatanioni peke yake. Feni yako ya Euler, 0 hadi 360, yenye fremu kuu mbili, inafika huko ikiwa na mwelekeo mmoja uliorudiwa mara mbili. Kwa kawaida kitoa faili huchukua sampuli ya kila fremu, na ndiyo maana feni bado inazunguka. Mtu akizima sampuli ili faili lipungue ukubwa, feni inasimama. Kama lazima uzizime, ongeza fremu kuu kwenye 90, 180 na 270 kabla ya kutoa faili.